SEHEMU YA 4: MAMA SIYO MBOLEA

Leo tuongee filamu. Najua mtasema nesi na filamu wapi na wapi, ila vumilieni kidogo.

Kuna filamu fupi ya Kenya ya mwaka 2009 inaitwa Pumzi, ya Wanuri Kahiu. Dakika kama 20 tu. Ni miaka 35 baada ya vita ya maji. Nje kumekufa, watu wanaishi wamefungiwa ndani, maji yanapimwa, hata mkojo na jasho vinasafishwa vinywewe tena. Asha, mfanyakazi wa makumbusho, anapata udongo, anapanda mbegu, inaota. Wakubwa wanamkatalia kutoka. Anatoroka na mche wake kwenda jangwani.

Mpaka hapo nampa mia kwa mia. Filamu ina akili, kila tone lina hesabu.

Tatizo ni mwisho. Asha anaupanda mche, anaumwagia maji yake ya mwisho, anaukamulia na jasho, analala kuukinga jua kwa mwili wake. Anaishia hapo. Mti unakua, sisi tunatakiwa kulia.

Mimi nilikasirika. Hesabu zote zimetupwa, tumepewa machozi. Kesho nani anamwagilia? Sisi wa Njombe tunapanda misindano kila msimu, tunajua mche unataka mvua na mtu wa kurudi kuupalilia. Maiti haipalilii.

Mtaniambia, "Nesi, hilo ni fumbo tu." Sawa, na mimi nalikataa hilo fumbo lenyewe: kwamba mama bora ni yule anayejimaliza. Huku Kitandililo tunalo hata bila filamu. Mama anapakulia wote, yeye anakwangua sufuria. Mjamzito kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, uso umevimba, anasema ngoja kwanza nimalize viazi. Na sisi tunamsifu: mvumilivu huyo!

Mwili haujui sifa. Mtoto aliye tumboni anapata hewa kupitia damu ya mama yake, hana pumzi nyingine. Damu ya mama ikipungua, na yeye yuko hatarini. Mama akiondoka, kichanga ndiye wa kwanza kuhangaika.

Na kinachoniuma zaidi, jibu lilikuwemo humo humo kwenye filamu. Kuna dada msafishaji anayemsaidia Asha kutoroka. Mbona hakutoka naye? Wawili wangepokezana: mmoja apumzike, mwingine amwagilie. Lakini hapo tusingelia, basi akaachwa.

Baba unayesoma, acha kumsifia mkeo uvumilivu. Mbebee ndoo. Mpakulie kwanza. Hakikisha vidonge vya kuongeza damu anavimeza, visikae kabatini. Akisema kichwa kinamuuma, twende kituo cha afya leo, siyo baada ya mavuno.

Filamu itazameni, ina mengi mazuri. Ila ikifika mwisho, futeni machozi muulize: kesho nani anamwagilia?

Sehemu ya 5 nitaandika dalili za hatari kwa mjamzito, moja moja. Mtumie na mwenzio.