Ukuta Wetu, Kifua Chetu, Bango Lao

Sisi wa Ngamiani, hapa Tanga, hatuna ugomvi na mtu anayenadi bidhaa yake. Kule soko la samaki la Deep Sea dalali anapopaza sauti, kolekole yuko pale miguuni pake: mfunue mashavu, mbonyeze, ukimpenda panda bei. Wanaotuudhi ni hawa wanaonadi bila kuonekana, tena kwa vitu vyetu wenyewe.

Kuta kwanza. Vijana wanakuja na ngazi na ndoo: "Mzee, tunakupakia rangi bure." Nani akatae, na chumvi hii ya bahari inavyobambua kuta kila mwaka? Kufika jioni duka zima lina rangi ya kampuni ya simu, jina la kampuni limejaa toka darini hadi barazani, na jina la mzee limebanwa juu ya kitasa kama la mpangaji. Bango la barabarani hulipiwa ushuru kwa ukubwa wake. Ukuta wa mzee unatangaza miaka nenda rudi, naye hapati hata vocha.

Halafu vifua. Mwaka 2017 SportPesa iliingia mkataba na Simba na Yanga, na tangu hapo kampuni za kubashiri zimekuwa wageni wasioaga kwenye jezi hizo, ambazo tunanunua kwa hela yetu. Watoto wakitoka madrasa, kanzu inavuliwa, chini yake jezi, na mtoto wa darasa la tatu anaitembeza kamari hadi Tangamano. Sheria inasema mchezo huo ni wa waliotimiza miaka 18. Kifua cha mtoto hakikuulizwa umri. Uingereza, klabu za Ligi Kuu zilikubaliana mwaka 2023 kuyaondoa majina ya kampuni za kamari kifuani kuanzia msimu wa 2026/27. Hapa ukiuliza unajibiwa, "Ndio wanaolipa mishahara ya wachezaji." Kweli wanalipa. Lakini mgosi, hela hiyo wanaitoa wapi kama si kwa vijana wetu wa bodaboda, ambao mikeka yao inachanika kila wikiendi?

Simu ndiyo usiseme. Mama muuza vitumbua anamsubiri mwanawe wa Dar atume chochote. Simu inalia, anafuta unga mikononi kwa kanga, anatafuta miwani, anasoma: "Hongera! Umechaguliwa kushiriki…" Anarudi jikoni, inalia tena: mkopo wa papo hapo. Ukijaribu kujitoa unaletewa menyu, bonyeza moja, bonyeza tatu, mwisho wa yote umejiunga na kitu kingine na salio limekatwa. Gari la promosheni tuliache, ingawa lilipita Makorora na singeli yake mbele ya turubai la msiba, watu wakisoma hitima.

Madai yetu si makubwa. Jezi za watoto zishonwe bila jina la kamari. Meseji za matangazo zizimwe kwa kubonyeza namba moja, basi. Na ukuta ulipiwe kodi. Mwenye duka mmoja wa Barabara ya 14 keshaanza: vijana wa rangi walipomrudia aliwatajia bei ya mwezi, malipo miezi sita mbele, kama wenye nyumba wanavyotufanyia sisi. Wakasema wanakwenda kuuliza ofisini.