Lori Halina Maskani, Dereva Sharti Awe Nayo
Safu ya Juma, na Shehe Athumani Bakari

Miongoni mwa kazi zinazowavuta watu wetu waliohamia Marekani, wawe ni Wakongo wa mashariki waliopokewa Louisville au Wakenya walioweka makazi Dallas, udereva wa malori makubwa una daraja lake, kwa kuwa humpa ujira wa kutosha hata mtu asiye na shahada ya chuo. Na kwa kuwa ni kazi ya mwendo, aghalabu anayeitamani hudhani kwamba sheria zake nazo hazina haja ya kujua analala wapi. Dhana hiyo ina hasara kubwa, nami sitaki ipite bila kusemewa.

Katika nchi ile leseni hutolewa na majimbo, na mwenye leseni ya gari dogo ya Ohio huendesha hadi Texas pasipo kuulizwa neno. Lakini leseni ya magari ya biashara, ambayo wenyewe wa kazi huiita CDL, na ambayo humpasa kila aongozaye gari la ratili 26,001 au zaidi, yaani karibu kilo 11,800, au gari la abiria lililoundwa kwa watu 16 na dereva akiwamo, haitolewi ila na jimbo la maskani ya dereva mwenyewe. Si jimbo lenye chuo kizuri, wala si jimbo lenye kampuni iliyomwahidi kazi. Basi kijana aliyehamia Kentucky na leseni yake ya Ohio mfukoni sharti kwanza ahame kwa hati kama alivyohama kwa mwili: aonyeshe ushahidi wa makazi mapya, aisalimishe leseni ya zamani, kisha aombe huko huko leseni ya mwanagenzi wa lori, apate mafunzo katika chuo kilichosajiliwa na serikali kuu, kama ilivyolazimu tangu Februari 7, 2022, na zipite siku zisizopungua 14 tangu apewe leseni ya mwanagenzi kabla ya kutahiniwa barabarani.

Wako wanaosema kuwa huu ni usumbufu wa makarani. Mimi siafiki, maana sheria hii ina sababu yake. Kabla ya mwaka 1986, Baraza la Kongresi lilipopitisha sheria ya usalama wa magari ya biashara, yalikuwapo majimbo mengi ambamo mtu mwenye leseni ya gari dogo aliruhusiwa kupanda lori lenye trela na kuliondoa. Na walikuwapo madereva waliomiliki leseni za majimbo mawili au matatu kwa wakati mmoja, wakishikwa kwa mwendo wa kasi hapa hutoa hii, wakishikwa kwa ulevi kule hutoa ile, hata makosa yao yakatawanyika katika madaftari mbalimbali na hakimu yeyote asiweze kujua kuwa aliyesimama mbele yake ni hatari kwa viumbe. Dawa yake ikawa ni kanuni moja: dereva mmoja, leseni moja, daftari moja la makosa, nayo ikatimizwa kila jimbo kufikia Aprili 1992.

Taksiri iko kwingine. Sheria yaifafanua maskani kuwa ni makao ya kweli na ya kudumu, ambayo mtu hukusudia kuyarejea kila asafiripo. Sasa mtazame mgeni aliyefika juzi, analala kwa binamu huku, barua zake zapokewa na shemeji kule, na akishaanza safari za mbali hulala ndani ya lori majuma kwa majuma. Huyu ndiye anayenaswa na mawakala wa vyuo, wamwambiao avuke mto kutoka Louisville hadi Indiana, aandike anuani ya bweni, na mambo yataishia hapo. Kumbe yeye hakuhitaji uwongo huo hata kidogo! Mafunzo yaweza kusomwa jimbo lolote. Na hata mtihani wa barabarani waweza kufanywa ugenini, ikiwa jimbo lile hukubali kuwatahini watu wa nje, na matokeo yakipelekwa nyumbani, jimbo la maskani halina ruhusa ya kuyakataa. Kilichofungwa nyumbani ni leseni tu, ile ya mwanagenzi na ile kamili. Aliyeandika maskani ya uwongo, akibainika, hunyang'anywa haki hiyo kwa siku zisizopungua 60, wala wakala hanyang'anywi kitu.

Aliyekwisha kuwa na CDL ana safari fupi zaidi: akihama huomba ya jimbo jipya ndani ya siku 30, wala hatahiniwi upya kuendesha. Mwenye idhini ya kubeba shehena za hatari ndiye ajiandae kwa maswali zaidi.

Linalonisikitisha ni habari ya leseni za kwetu. Marekani huzitambua kwa kazi hii leseni za Mexico na Kanada peke yake. Dereva aliyeshusha trela kutoka Kampala hadi Mombasa kwa miaka ishirini huketi darasa moja na kijana wa miaka 18, ambaye umri wake haumruhusu hata kuvuka mpaka wa jimbo na shehena. Ujuzi wake ulistahili walau kupimwa kabla ya kuhesabiwa si kitu. Na wale ambao makazi yao hayajawa ya kudumu kisheria wamezidi kubanwa, kwa kuwa Septemba 2025 serikali kuu ilitoa kanuni ya dharura iliyokusudia kuwaachia mlango wenye aina chache tu za viza za kazi, na mabishano yake yakafika mahakamani.

Kwa hiyo, ndugu uliyeko huko, usitoe ada ya chuo kwanza. Nenda katika ofisi ya leseni ya jimbo unamolala hasa, na hati zako zote mkononi, uulize mwenyewe wanachokubali na wanachokataa leo. Na wakala akikuhimiza uandike anuani usiyoishi, mwambie aiandike yeye na atie sahihi yake.