Aliyeanguka Hawezi Kujitetea

Kila mara mchezaji anapoumia husikika kauli hii: "Alikosa mwenyewe." Ni rahisi kuitamka, kwa maana aliyeanguka mara nyingi hayupo tena kujibu. Mimi naikataa, na ushahidi wangu natoa katika mchezo ambao hapa Kavimvira, kwenye joto la ziwa, hatutauona kamwe.

Tarehe 12 Februari 2010, siku ya kufunguliwa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Vancouver, Kanada, Nodar Kumaritashvili, kijana wa Georgia mwenye miaka 21, alikuwa katika mazoezi ya luji. Katika mchezo huo mtu hulala chali juu ya kiteleza kisicho na breki, miguu mbele, akateremka ndani ya mfereji wa barafu. Kwenye kona ya mwisho ya njia ya Whistler, akienda zaidi ya kilomita 140 kwa saa, alirushwa juu ya ukuta akagonga nguzo ya chuma isiyofunikwa kitu. Akafa.

Wakuu wa mchezo walitangaza kwamba ajali haikutokana na kasoro ya njia. Kijana alichelewa kutoka katika kona ya 15. Hata hivyo, kabla mashindano hayajaanza kesho yake, ukuta ulikuwa umeongezwa urefu, umbo la barafu limebadilishwa, na wanaume wameshushiwa mahali pa kuanzia ili mwendo upungue. Njia isiyo na kasoro hurekebishwa kwa haraka hiyo kwa nini? Tena mwaka uliotangulia shirikisho lenyewe lilikuwa limeandika barua kuonyesha wasiwasi juu ya mwendo wa njia hiyo, uliopita kilomita 150. Tukubali kwamba kijana alikosea. Kosa la mwanadamu linajulikana kabla halijatokea, ndiyo sababu ukuta hujengwa. Nguzo haikujisimamisha yenyewe. Kwa michezo ya Sochi ya 2014 njia iliwekewa sehemu za kupanda ili kupunguza mwendo, kumbe iliwezekana.

Wala msiseme hayo ni ya watu wa barafu. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyeshika nafasi ya tatu katika Tour du Rwanda ya 2017, alifariki Agosti 2022 kwa kuanguka katika mwendo mkali, kwenye mbio za baiskeli za njia za changarawe huko Vermont, Marekani. Simtaji ili kumshtaki mtu. Mwendo hauulizi kama ni barafu au vumbi.

Nasi je? Tunapoandaa mbio za baiskeli za sikukuu ya parokia tunanunua jezi, tunatafuta kikombe, tunamwalika mheshimiwa. Nani hutembea njia kwa miguu siku moja kabla? Nani huangalia mtaro ulio wazi kwenye kona, au lori lililoegeshwa likingoja forodha? Tunasali kabla ya kuanza, na ni vema, lakini sala haifuniki mtaro. Mstari wa mwisho tunauchora chini ya mteremko kwa sababu hapo umati hufurahi. Uhamisheni hadi palipo tambarare. Jazeni magunia pumba za mpunga, myafunge kwenye nguzo za kona. Na ikiwa hakuna wa kuifanya kazi hiyo, mbio zisifanyike.