Haki Isiyoeleweka Haidaiwi

Wahenga walinena, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kauli hiyo twaikariri kila panapozungumziwa haki za binadamu. Hata hivyo, lipo swali ambalo methali hiyo hailijibu: mnyonge huyo atajuaje kwamba alichopewa ndicho haki yake, iwapo haki yenyewe imeandikwa na kusomwa kwa lugha asiyoifahamu?

Swali hili si la wanaisimu peke yao. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa mjini Paris tarehe 10 Desemba 1948, laitaja lugha katika kifungu cha 2, pamoja na rangi, jinsia na dini, kuwa jambo ambalo mtu hapaswi kubaguliwa kwalo. Miaka miwili kabla ya hapo, kesi ya Nuremberg ilikuwa imemalizika. Humo viongozi wa utawala wa Hitler walifasiriwa papo kwa papo, kwa Kijerumani, yaliyosemwa na mashahidi na waendesha mashtaka. Ikiwa walioshtakiwa kwa maovu makubwa kiasi hicho waliisikia kesi kwa lugha yao, seuze mama aliyekamatwa kwa kuuza mboga kando ya barabara?

Hapa kwetu sheria haina kasoro katika jambo hili. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 chaagiza kwamba anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kunyamaza. Kifungu cha 50 champa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Tena, tangu 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliamua kwamba shtaka lielezwe kikamilifu kwa lugha anayoielewa mshtakiwa kabla ya kukiri kwake kukubaliwa.

Tatizo li katika utekelezaji. Aghalabu mkalimani ni karani wa mahakama ambaye hakufunzwa kazi hiyo, naye ana majukumu mengine chungu nzima. Shtaka husomwa harakaharaka, mshtakiwa akajibu, "Ni kweli." Maneno hayo mawili yatosha kumpeleka gerezani. Lakini ni kweli ipi? Pengine alimaanisha kwamba ni kweli alikuwapo, au ni kweli mali ilionekana kwake. Kukiri tukio si kukiri kosa, na tofauti hiyo haionekani ila mtu aulizwe vizuri kwa lugha aliyoizoea.

Watawala wanaifahamu vyema nguvu ya lugha. Mwaka wa 1977, tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa kwa Kikikuyu na kuigizwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ilizuiwa. Desemba mwaka huohuo, Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wake wawili, akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Riwaya zake za Kiingereza, ambazo ukosoaji wake haukuwa hafifu, hazikuwa zimemfikisha huko.

Wapo wanaodai kwamba lugha zetu hazina istilahi za sheria. Dai hilo halina mashiko. Kiswahili kina dhamana, rehani, mirathi, wakfu, rufaa na mengineyo mengi ambayo mwananchi wa kawaida huyatumia bila kamusi. Istilahi hukua kwa kutumiwa. Lugha iliyofungiwa nje ya mahakama haiwezi kulaumiwa kwa kutoijua mahakama.

Kifungu cha 7 cha Katiba hiyohiyo chakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi kila mswada upelekwao Bungeni na uchapishwe kwa Kiswahili pia, ili mwananchi auelewe kabla haujawa sheria. Vyuo vikuu vyetu viwafunze wakalimani wa mahakama, wakiwemo wa Kisomali, Kiturkana, Kidholuo na Lugha ya Ishara, nayo Idara ya Mahakama iwaajiri kwa mishahara ya heshima.

Katika Kiswahili, fadhila huombwa, deni hudaiwa. Haki imo katika fungu la deni. Mwenye kudai, sharti kwanza aweze kuisoma hati ya deni lake.