Washindani wa Champion Hurdle ya 2025

Champion Hurdle ni mbio za farasi za kuruka viunzi zinazofanyika kila mwaka mwezi Machi katika uwanja wa Cheltenham, magharibi mwa Uingereza. Zilianza mwaka 1927, na mshindi wa kwanza alikuwa farasi aitwaye Blaris. Katika Uingereza na Eire, hizi ndizo mbio kubwa kuliko zote za viunzi kwa umbali wa maili mbili.

Mbio za tarehe 11 Machi 2025 zinastahili kuchunguzwa kwa makini. Kabla ya siku hiyo wachambuzi wengi waliona kwamba farasi wenye nafasi halisi ya kushinda ni watatu tu: Constitution Hill, State Man na Brighterdaysahead. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeshinda. Wawili walianguka, wa tatu alimaliza nafasi ya nne, na ushindi ukachukuliwa na Golden Ace, ambaye wachache walimtaja. Makala hii inaeleza jinsi washindani hao walivyopimwa, nini kilikuwa sahihi katika vipimo hivyo, na nini kilisahaulika.

Aina ya mbio

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuona mbio za farasi huenda aliziona Ngong, mjini Nairobi, ambako farasi hukimbia kwenye njia iliyo wazi. Katika mbio za viunzi farasi hukimbia karibu kwa kasi hiyohiyo, lakini njiani anakutana na vizuizi vya kuruka. Kiunzi kimoja kina kimo cha mita 1 na zaidi kidogo. Hutengenezwa kwa fremu ya mbao iliyosukwa matawi na kuchomekwa ardhini, hivyo kikigongwa huinama. Kwa sababu hiyo farasi mwepesi hujifunza kuruka chini chini bila kupoteza kasi. Faida yake ni muda anaookoa kila anaporuka. Hasara yake ni kwamba nafasi ya kukosea ni ndogo sana.

Champion Hurdle ina viunzi 8 na umbali wa kilomita 3.3 hivi. Hudumu takriban dakika nne. Baada ya kiunzi cha mwisho farasi hupanda mwinuko hadi mstari wa kumalizia, na hapo ndipo wengi waliotumia nguvu mapema huishiwa.

Farasi dume na waliohasiwa wenye umri wa miaka mitano au zaidi hubeba kilo 74.4, yaani mpanda farasi pamoja na tandiko na vyuma vya kujazia uzito. Farasi jike hupunguziwa ratili 7, sawa na kilo 3.2. Wapimaji wa mbio hizi hukadiria kwamba katika umbali wa maili mbili ratili moja ni sawa na urefu wa farasi mmoja. Kwa hesabu hiyo punguzo la jike ni urefu wa farasi saba, na si jambo la kupuuzwa.

Constitution Hill

Farasi huyu wa mkufunzi Nicky Henderson, akipandwa na Nico de Boinville, alifika Cheltenham akiwa ameshinda mbio zake zote 10 za viunzi. Mwaka 2022 alishinda mbio za wanaoanza, Supreme Novices' Hurdle, katika uwanja huohuo kwa urefu wa farasi 22. Mwaka 2023 alishinda Champion Hurdle kwa urefu wa farasi tisa, na aliyemfuata alikuwa State Man. Mwaka 2024 hakushiriki kwa sababu ya ugonjwa wa njia ya hewa.

Alirudi Desemba 2024 katika Christmas Hurdle uwanjani Kempton, akamshinda Lossiemouth, farasi jike hodari kutoka Eire. Januari 2025 alishinda tena Cheltenham. Kwa hiyo swali la afya lilionekana limejibiwa. Henderson naye alikuwa mkufunzi mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia ya mbio hizi, mara tisa, kuanzia See You Then aliyeshinda mfululizo kuanzia 1985 hadi 1987.

Lililobaki kuulizwa lilikuwa dogo: je, baada ya ugonjwa bado ni yuleyule wa 2023? Ushindi wake dhidi ya Lossiemouth ulikuwa mzuri, lakini haukuwa wa kushangaza kama ule wa zamani. Kuhusu kuruka hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kuruka ndiko kulikomletea sifa.

State Man

State Man wa mkufunzi Willie Mullins alikuwa bingwa mtetezi. Alishinda Champion Hurdle mwaka 2024, Constitution Hill asipokuwepo, na Irish Champion Hurdle miaka mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025. Hakuwa na makeke. Alikuwa farasi wa kutegemewa anayefika mbele karibu kila anapokimbia.

Doa lake lilikuwa mwanzo wa msimu. Novemba 2024 alishindwa na Brighterdaysahead huko Punchestown, na Desemba akashindwa tena na huyohuyo huko Leopardstown, safari hii kwa umbali mkubwa. Ushindi wake wa Februari 2025 ulisahihisha mambo kwa sehemu tu, kwa sababu mpinzani wake mkubwa siku hiyo, Lossiemouth, alianguka.

Brighterdaysahead

Farasi jike huyu wa Gordon Elliott ndiye aliyewapa watu hamu. Huko Leopardstown mwishoni mwa Desemba 2024 alishinda kwa urefu wa farasi 30. Wa pili alikuwa Winter Fog, na State Man akawa wa tatu. Ukiongeza punguzo la ratili 7, ilikuwa rahisi kuona kwamba huyu ndiye anayeweza kumtikisa Constitution Hill.

Hata hivyo ushindi mkubwa mno unahitaji kutazamwa mara mbili. Huenda mshindi ni hodari sana, na huenda pia walioshindwa hawakukimbia kwa kiwango chao. Siku ile State Man hakuwa katika hali yake ya kawaida, kama alivyoonyesha wiki tano tu baadaye. Urefu wa farasi 30 ulipima udhaifu wa wengine kama ulivyopima nguvu za Brighterdaysahead.

Jambo la pili halikutajwa sana. Machi 2024 Brighterdaysahead alikimbia Cheltenham katika mbio za majike wanaoanza, akashindwa. Aliyemshinda ni Golden Ace.

Golden Ace na wengine

Golden Ace alitoka katika banda dogo la Jeremy Scott, huko Somerset, na mpanda wake alikuwa Lorcan Williams. Februari 2025 alishinda Kingwell Hurdle huko Wincanton. Mbio hizo ni za heshima, lakini si za kiwango cha juu kabisa.

Siku hiyohiyo Cheltenham kulikuwa na Mares' Hurdle, mbio za majike peke yao, za umbali mrefu zaidi. Mkufunzi alielekea kupendelea hizo. Mwenye farasi, Ian Gosden, alitaka Champion Hurdle. Hoja yake ilipata nguvu pale Mullins alipomwandikisha Lossiemouth katika mbio za majike. Lossiemouth alizishinda, kama alivyofanya mwaka 2024. Kumkwepa farasi mmoja mwenye nguvu na kuwakabili watatu kulionekana kama kukimbia mvua na kuingia mtoni, lakini katika mbio kubwa tuzo za nafasi ya tatu na ya nne nazo ni kubwa.

Waliobaki walikuwa Burdett Road wa James Owen, aliyeshinda Greatwood Hurdle Novemba 2024. Winter Fog wa Emmet Mullins. Na King Of Kingsfield wa Elliott, aliyewekwa kuongoza kasi kwa faida ya Brighterdaysahead. Jumla walikuwa saba.

Bei za kamari zilisema nini

Bei za wachezeshaji kamari si utabiri kamili, lakini hukusanya maoni ya watu wengi. Constitution Hill alipewa bei ambayo faida yake ni ndogo kuliko dau, maana yake soko liliamini nafasi yake inapita nusu. Golden Ace alianza kwa 25 kwa 1: aliyeweka shilingi 100 angepata faida ya shilingi 2,500. Bei kama hiyo ina maana ya nafasi moja kati ya 26, chini ya asilimia 4.

Asilimia 4 si sifuri. Hilo ndilo kosa la kawaida la msomaji wa bei. Farasi wa namna hiyo hushindwa mara nyingi sana, lakini kwa hesabu hiyohiyo anatarajiwa kushinda siku moja kati ya siku 26.

Siku ya mbio

King Of Kingsfield aliongoza kwa kasi kama ilivyopangwa. Kwenye kiunzi cha tano Constitution Hill aliruka vibaya na kuanguka. Hakuwa amewahi kuanguka katika mbio. Kuanzia hapo State Man alishika uongozi, na walipokaribia kiunzi cha mwisho alikuwa mbele peke yake huku mpanda wake, Paul Townend, akiwa hana wa kumsumbua. Wahenga walisema kutangulia si kufika. State Man alianguka kwenye kiunzi hicho cha mwisho.

Golden Ace aliyekuwa nyuma yake alipita na kushinda kwa urefu wa farasi tisa. Burdett Road alikuwa wa pili na Winter Fog wa tatu. Brighterdaysahead alikuwa wa nne. Farasi wote wawili walioanguka waliinuka salama, jambo ambalo si la hakika kila mara katika mchezo huu.

Golden Ace akawa farasi jike wa saba kushinda Champion Hurdle, baada ya African Sister (1939), Dawn Run (1984), Flakey Dove (1994), Annie Power (2016), Epatante (2020) na Honeysuckle (2021 na 2022).

Tathmini

Ni rahisi kusema kwamba ilikuwa bahati tu. Bahati ilikuwepo: State Man asingeanguka, angeshinda. Lakini maelezo hayo hayatoshi.

Kwanza, Golden Ace hakuwa dhaifu kama bei yake ilivyoonyesha. Alimshinda Burdett Road kwa urefu wa farasi tisa. Hata ukiondoa saba za punguzo la jike, bado alikuwa mbele kwa viwili. Kuhusu Brighterdaysahead, wote wawili ni majike waliobeba uzito sawa, na Golden Ace alimshinda Cheltenham kwa mara ya pili. Ushahidi wa mwaka uliotangulia ulikuwepo, ila ulifunikwa na zile urefu wa farasi 30 za Leopardstown. Winter Fog, aliyeachwa umbali huo wote mwezi Desemba, sasa alimaliza mbele ya aliyemwacha.

Pili, na hili ndilo kubwa, wachambuzi walipima kasi na kusahau kwamba mbio hizi zina maswali mawili. La kwanza: nani ana mbio zaidi? La pili: nani atafika akiwa amesimama? Mwenye nafasi nzuri katika swali la kwanza hulipwa kwa kuruka chini na haraka, na kuruka huko ndiko kunakompunguzia uhakika katika la pili. Rekodi ya kutoanguka mara 10 haimaanishi kwamba mara ya 11 hatari haipo.

Historia ya uwanja huo ilishatoa onyo. Mwaka 2015 Annie Power alikuwa mbele katika Mares' Hurdle, akaanguka kwenye kiunzi cha mwisho. Mwaka uliofuata alishinda Champion Hurdle. Kuanguka hakukumfanya kuwa farasi mbaya, wala kusimama hakumfanyi Golden Ace kuwa bora kuliko wote.

Baada ya Cheltenham

Miezi iliyofuata ilisaidia kutenganisha ajali na udhaifu. Mapema Aprili 2025 Constitution Hill alianguka tena, safari hii huko Aintree, na Lossiemouth akashinda. Mei huko Punchestown alimaliza bila kuanguka, lakini akawa wa tano tu. Kwake, basi, kuanguka kwa Machi kulikuwa mwanzo wa tatizo. Kwa State Man ilikuwa ajali: alishinda mbio hizo za Punchestown. Wa pili nyuma yake alikuwa Golden Ace.

Matokeo hayo ya Punchestown ndiyo kipimo cha haki kwa wote watatu. State Man alikuwa bora kuliko Golden Ace wote walipofika wakiwa wamesimama. Golden Ace alikuwa farasi wa daraja la juu, si mgeni aliyeokota taji njiani. Na anayepima washindani wa Champion Hurdle ijayo atafanya vyema kuandika, pembeni ya kasi ya kila farasi, jinsi anavyoruka pale anapokuwa amechoka.