Chumba chako ndicho kinachochagua maiki

Wacha niseme hili mapema: kama una kati ya elfu kumi na elfu ishirini za kununua maiki, na unarekodi chumbani kwenu huku Malindi ama Kilifi, achana na kondensa. Nunua dainamiki, na chenji itakayobaki itumie kwa chumba. Najua kuna watu washanuna. Subirini kwanza, nitawaeleza sababu.

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza maiki gani ni kali. Ni vijana wa Kisumu Ndogo, wa Mtondia, wa Watamu. Mmoja anaimba, mwingine ana podikasti, mwingine anataka tu kurekodi mashairi ya nyanya yake kabla hayajapotea. Wote washachoma bando kwa video za kulinganisha maiki, na wote wanarudi na jibu moja: kondensa, ndio inasikika "studio".

Sasa hebu mwangalie vizuri yule jamaa wa kwenye video. Chini ana zulia. Dirishani ana mapazia mazito. Ukutani kabandika masponji, na nje kwake hakuna tuktuk inayopiga honi. Akisema maiki yake ni nzuri hadanganyi, kwa sababu kwake kweli ni nzuri. Wewe una mabati juu, ukuta wa bloku usiopigwa plasta, sakafu ya simiti, na feni ambayo ukiizima mwezi wa pili utarekodi ukiwa umeloa chapachapa. Jogoo wa jirani naye hana ratiba.

Tofauti yenyewe ni hii. Maiki ya dainamiki ina utando mdogo ulioshikana na koili ya waya ndani ya sumaku. Sauti ikigonga utando, koili inacheza na umeme mdogo unazaliwa. Kuisukuma hiyo koili kunahitaji nguvu kidogo, kwa hivyo inamsikia zaidi aliye karibu. Kondensa ina utando mwembamba sana mbele ya bamba lenye chaji, na inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwa intafesi. Ni nyepesi, ina masikio makali, inashika kila kitu. Sifa hiyo ndiyo inayouzwa, na kwa chumba cha bati sifa hiyo hiyo ndiyo shida. Itakushika wewe, mwangwi wa ukuta, boda ya barabarani na sufuria ya jikoni.

Namjua kijana mmoja aliyefanya kazi hotelini msimu mzima wa wageni, akaweka akiba, akanunua kondensa nzuri tu. Kila teki ilikuwa na boda ndani. Akaanza kurekodi saa nane usiku, mamake akavumilia wiki moja, jirani hakufikisha hata hiyo wiki. Mwishowe maiki ikauzwa kwa bei ya hasara. Kuimba anaimba, tena vizuri kuliko wengi mnaowasikia redioni, lakini sahizi harekodi. Hapo ndipo mimi naumia. Bei ya maiki tuiache kando. Hapo imepotea sauti, na pesa ya msimu mzima.

Mtu wa saundi ataniambia, "Hata kondensa ukiisogelea, kelele inapungua." Ni kweli. Ukitoka sentimita 20 ukafika 10, sauti yako inapanda kama desibeli 6 huku feni ikibaki pale pale. Ukifika 5, unaongeza nyingine 6. Lakini kondensa ukiisogelea hivyo, kila pumzi na kila mate yanasikika. Na sisi watu wa Pwani tuna mzigo wetu: paa wa porini na paa la nyumba hatuyatamki sawa. Ile P ya mnyama inatoka na upepo. Upepo huo ukipiga utando wa kondensa kwa karibu, utasikia bomu. Dainamiki ya kuimbia imetengenezwa ikijua mdomo uko pale pale mbele yake. Na bado nakushauri utengeneze kichujio: hanga ya waya na stokingi kuukuu, kazi ya dakika tano.

Sasa majina. Shure SM58 iko sokoni tangu 1966, na hadi leo ndiyo maiki unayoiona kwenye kila jukwaa duniani. Marekani inauzwa karibu dola 100, yaani kama shilingi 13,000 kabla ya usafiri na kodi. Ndugu yake SM57 ya 1965 ina kiini cha ukoo huo huo. Ukiivisha sponji inaimba vizuri. Kama huna intafesi na pesa ni kidogo, Samson Q2U ni dainamiki yenye mlango wa USB na wa XLR pamoja, kwa hivyo unaanza na laptopu tu, na siku ukipata intafesi hutanunua maiki upya.

Ile SM7B ya mapodikasta mnayoitamani pia ni dainamiki. Mtangulizi wake, SM7, alitoka 1973, na Michael Jackson aliimbia maiki hiyo sehemu kubwa ya Thriller ya 1982. Kwa hivyo yeyote anayekwambia dainamiki ni ya mikutano ya hadhara tu, mjibu hivyo. Ila SM7B yenyewe ni karibu dola 400, na inataka kupandishwa kama desibeli 60 ndio isikike sawasawa. Intafesi nyingi za bei nafuu zikifika huko zinaanza kuunguruma. Iache kwanza.

Halafu chunga feki. SM58 ni kati ya maiki zinazoigwa sana duniani, na kwa macho tu huwezi kuijua. Halisi ina uzito wa gramu 298. Ukiwa na shaka, ipeleke kwa mizani ya duka la nafaka kabla hujatoa pesa. Uzito pekee hautoshi kuthibitisha, lakini ikiwa nyepesi kama chupa tupu, muachie mwenyewe. Muuzaji anayekataa ufungue boksi na ujaribu na waya wako, mshukuru, uondoke.

Chenji sasa. Godoro lisimamishe nyuma yako unapoimba, kwa sababu maiki inatazama huko. Leso ukutani ni urembo tu, ni nyepesi mno. Blanketi zito ama godoro ndilo linalokata mwangwi. Mgongo wa maiki uelekeze kwa feni ama dirisha, maana maiki hizi husikia mbele na kupuuza nyuma. Mvua kwenye mabati haina dawa, siku hiyo andika mistari.

Na stima ikipotea, usilalamike haraka. Kama laptopu ina chaji na intafesi inakula umeme wa USB, hiyo ndiyo saa ya kurekodi: feni imezimika, friji imenyamaza, TV ya jirani imekufa. Rekodi kabla mwenye jenereta hajaamka.

Kondensa ina watu wake, sikatai. Kama sauti yako ni ya chini na laini, kama unarekodi udi ama gitaa kavu pamoja na sauti, na kama una chumba kilichotulia kweli, nenda nayo. Audio-Technica AT2020 iko bei ya SM58 huko ng'ambo. Rode NT1-A ni ghali zaidi lakini kimya chake ni cha ajabu, kelele yake yenyewe ni desibeli 5 tu. Ila jiulize: kimya cha desibeli 5 kina faida gani kwa chumba ambacho feni peke yake inaimeza hiyo mara nyingi? Pia hewa yetu ina chumvi na unyevu, na utando wa kondensa ukishika unyevu unaanza kukwaruza. Ukiinunua, ilaze ndani ya mkebe unaofunga, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu.

Jaribio langu ni la bure. Saa ile ile unayorekodigi, washa simu, weka kinasa sauti, kaa kimya sekunde 30, kisha piga makofi matatu. Vaa iyafoni usikilize. Ukisikia mtaa mzima, na makofi yanarudi yakilia kama kopo, chumba kishakujibu: dainamiki.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alitoka Zanzibar akapanda meli hadi Bombay ndio sauti yake ishikwe kwenye santuri. Bahari nzima, kwa sababu mashine haikuwa huku. Leo mashine inakuja na basi hadi steji ya Malindi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kila siku naambiwa kazi ya kweli iko Nairobi. Siamini. Naamini sauti zetu za huku, Kigiriama, Kibajuni, Kiswahili chenye P mbili, zinaweza kurekodiwa huku huku na zikasikika safi. Lakini hatutafika kama kila mtu anachoma akiba yake kwa maiki ya chumba cha mtu mwingine.

Na kama hizo elfu kumi na tatu bado ni mlima, acheni ubinafsi. Vijana wanne, kila mmoja anataka maiki yake feki ya elfu nne: hiyo ni elfu kumi na sita. Fanyeni chama, nunueni SM58 moja halisi, inayobaki nunueni stendi na waya mzuri, muigawane kwa siku. Mama zetu wamenunua sufuria za harusi hivyo miaka yote, na hakuna harusi iliyolala njaa. Maiki itatushinda vipi?