Kasha la amplifaya: Fundi apime kwanza, faida imo kwenye bati

MKULIMA aliyewahi kuuza viazi kwa lumbesa anajua kwamba hasara yake haikuanzia kwenye bei. Ilianzia kwenye kipimo. Gunia liliongezwa juu, bei ikabaki ileile, na jasho la msimu mzima likaishia kwa mnunuzi. Karakanani nako ipo lumbesa yake, nayo imejificha kwenye bati.

Mfano wetu leo ni chasisi, yaani lile kasha linalobeba amplifaya ya valvu. Valvu ni vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, vilivyokuwemo kwenye redio za wazee wetu kabla ya transista. Redio mpya hazina tena vichupa hivyo, lakini wapiga gitaa na wapenzi wa muziki katika nchi nyingi bado wanaipenda sauti yake, na wapo wanaojiundia amplifaya hizo nyumbani. Hapa kwetu soko hilo ni dogo. Hata hivyo, fundi anayeweza kutengeneza chasisi ya valvu ndiye huyohuyo anayeletewa kazi ya kasha la amplifaya ya harusini, chaja ya betri au inveta ya sola.

Bei zisizo mikononi mwetu

Valvu zinatengenezwa katika viwanda vichache, hasa Urusi, China na Slovakia. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi ilizuia valvu zake kuuzwa nje. Zuio hilo lililegezwa baadaye, lakini bei zilikuwa zimekwishapanda.

Kwenye alumini nako hakukuwa shwari. Machi 12, 2025, Marekani ilipandisha ushuru wa alumini inayoingia nchini humo kutoka asilimia 10 hadi 25. Juni 4 mwaka huohuo ikaufikisha asilimia 50 kwa nchi nyingi. Wajenzi wa amplifaya wa huko, ambao kwa miaka mingi wamezoea makasha ya kampuni ya Hammond ya Kanada, walianza kupiga hesabu upya.

Fundi wa Gerezani au Kamukunji hapangi bei ya valvu, wala hawezi kumzuia rais wa nchi nyingine kupandisha ushuru. Kilicho mikononi mwake ni namna anavyolikata bati.

Bati moja, hesabu tatu

Tuchukue bati la alumini la futi 8 kwa 4, unene milimita 2. Uzito wake ni kilo 16 hivi. Kwa ajili ya mfano tu, tuseme fundi amelinunua kwa sh. 240,000.

Hesabu ya kwanza ni ya chasisi ya kukunja, yenye uso wa sentimita 30 kwa 20 na kuta za sentimita 6 pande zote nne. Kabla ya kukunjwa, kipande hicho ni sentimita 42 kwa 32. Vikipangwa vyote kwa mwelekeo mmoja, bati zima linatoa vipande 15 tu. Kila kimoja kinasimama kwa sh. 16,000, na bado hujalipia mashine ya kukunjia.

Hesabu ya pili ni ya fremu ya mbao na uso wa alumini usiokunjwa. Kipande ni sentimita 30 kwa 20, na bati linatoa vipande 48. Kila kimoja kinasimama kwa sh. 5,000. Mbao inayohitajika pembeni ni mita moja na ushee, na mara nyingi hupatikana katika mabaki ya fundi seremala.

Hesabu ya tatu ndiyo lumbesa yenyewe. Fundi anaona uso umebana, anaongeza sentimita 2 kila upande na kupata 32 kwa 22. Sasa, vikipangwa vyote kwa mwelekeo mmoja, bati linatoa vipande 35, si 48. Kila kipande kimepanda hadi karibu sh. 6,900, ongezeko la zaidi ya theluthi moja. Vipande 13 vimepotea kwa sababu ya sentimita 2, na mteja hatalipa zaidi kwa kuwa hata hazioni.

Kwa hiyo anza na bati, ndipo uchore chasisi. Wengi hufanya kinyume.

Rahisi isiwe ya hatari

Kubana matumizi kuna mpaka wake. Ndani ya amplifaya ya valvu mna umeme wa volti 250 hadi zaidi ya 400, na kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Uso wa alumini lazima uunganishwe na waya wa ethi kwa bolti yake peke yake, na pale bolti inapokaa rangi ikwanguliwe mpaka chuma kionekane. Fremu ya mbao isimdanganye mtu kwamba kasha ni salama bila ethi.

Kifuniko cha chini nacho kiwe cha chuma, kiunganishwe na ethi, na kiwe na matundu ya hewa kwa sababu valvu huchemka. Kifuniko hicho kitaongeza gharama, lakini hata chasisi ya kukunja inakihitaji. Transfoma ni nzito, hivyo ikae karibu na ukingo inapobebwa na mbao, au iwekewe pembe ya chuma chini yake. Vinginevyo alumini ya milimita 2 italegea katikati.

Wapo watakaouliza kuhusu bati la chuma. Kwa kawaida ni nafuu na gumu zaidi, lakini kipande chake cha milimita 1.5 kina uzito zaidi ya mara mbili ya alumini ya milimita 2, kinashika kutu, na kinaweza kuusafirisha mvumo wa transfoma hadi kwenye spika.

Nunueni pamoja

Kikwazo kikubwa cha fundi mdogo ni kwamba hana fedha ya bati zima. Hununua kipande kwa bei ya rejareja na faida yote hubaki dukani. Wakulima walishalijibu swali hili kwa kununua mbolea pamoja kupitia AMCOS. Mafundi watatu wa mtaa mmoja wanaweza kuchangia bati moja, wakalikata siku moja, kila mmoja akaondoka na vipande 16.

Kisha wasijaze stoo. Soko la valvu ni dogo, hivyo fundi asubiri agizo, achukue malipo ya awali, atoboe matundu kwa kupima soketi zilizoletwa na mteja. Vipande vinavyobaki vitumike kwa chaja na inveta, ambazo wateja wake wapo mpaka vijijini.

Ushuru utapanda na kushuka huko utakakoamuliwa. Futi kamba ya fundi iko mfukoni mwake, na kuitoa kabla ya kukata hakuna gharama.

Mwandishi ni mchumi wa kilimo.